Kijiko cha Saba

Wazee wa rika langu wakikutana hawakosi kuyataja maziwa ya unga ya wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza. Wanasema yalikuwa matamu, yaling'ang'ania kwenye ufizi, na kwamba bila hayo watoto wengi wa kijiji chetu wangezikwa. Sikatai. Ulimi wangu nao unayakumbuka. Lakini mtu akivuka hapo na kuanza kuniambia kwamba serikali ile ilitulea, huwa namwomba abadilishe mazungumzo kabla sijamvunjia heshima. Najua yaligawiwa vipi, najua nani alipigwa kwa ajili yake, na najua mdomo wa nani ulisababisha.

Kijiji chenyewe kilikuwa chini ya mji wa Embu, kando ya barabara inayoteremka kuelekea Kiritiri. Hatukukichagua. Askari walikuja asubuhi, wakatupa muda wa kutoa vyungu na ngozi za kulalia, kisha wakatia moto boma letu lote. Kuna mbuzi wetu wawili ambao hakuna aliyewakumbuka. Tuliwasikia wakilia ndani, mama akataka kurudi, askari akampiga kitako cha bunduki begani, na mbuzi wakanyamaza wenyewe. Baba alikuwa ameshachukuliwa wiki chache nyuma, mikono imefungwa mgongoni na damu ya kichwani imemkaukia sikioni. Hatukujua yuko kambi gani. Alikuwa amemwachia mama mimba ambayo wakati ule hakuna aliyeijua.

Katika kijiji hicho kipya tulijengewa vibanda mistari mistari, na mama zetu wakachimba handaki la kukizunguka. Ndani ya handaki walipanda vijiti vilivyochongwa vikawa kama mikuki. Mwanamke aliyechelewa kuinua jembe alichapwa. Aliyewahi kuinama kumnyonyesha mtoto alichapwa. Shambani tuliruhusiwa saa moja tu, na saa hiyo ilikatika kabla hujafika kwenye viazi vyako. Tulikula majani. Mdogo wangu, wa miaka miwili, alivimba miguu, nywele zikageuka nyekundu kama ndevu za mahindi, akaacha kulia. Mama aliniambia kwamba kuacha kulia ndiko kulikomtisha kuliko yote. Mimi nilifurahi kwamba kibanda kimetulia, na ninaona aibu hata kuandika hivyo.

Siku moja mwanamke wa Kizungu alikuja na bwana shauri, yule Mzungu aliyetawala tarafa yetu. Alibonyeza miguu ya watoto kwa kidole, akatazama mashimo yaliyobaki, akaandika kitu. Baadaye kidogo yakaja mapipa ya maziwa ya unga. Tangazo likasomwa getini: watakaopewa ni wanawake wenye mimba, wanaonyonyesha, na watoto ambao hawajaanza kung'oa meno. Kila mmoja apewe vijiko vikubwa saba kila Alhamisi, kimoja kwa kila siku ya wiki. Hesabu ya bwana shauri ilikuwa safi kabisa. Aliisoma kwenye karatasi, akaingia garini, akaondoka.

Mgawo ulifanyika getini, chini ya mnara wa homgadi. Homgadi walikuwa watu wetu wenyewe, waliopewa bunduki na makoti watulinde dhidi ya watu wetu wengine waliokuwa msituni wakipigana na Mzungu. Hapo getini ndipo pia walipokuwa wakilaza maiti za waliouawa msituni, tuzitazame tushike adabu. Kwa hiyo kuna Alhamisi ambazo foleni ya maziwa ilipita kandokando ya miguu ya watu waliokufa. Mama alikuwa akinifunika macho kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika mkebe. Mimi nilichungulia katikati ya vidole vyake. Nilikuwa na miaka kama kumi na nilitaka kujua kama baba yumo.

Aliyekuwa akipima ni karani, kijana Mwislamu kutoka mtaa wa Waswahili pale Embu mjini, mtoto wa mchinjaji. Alivaa kofia nyeupe, aliongea Kiswahili kilichonyooka, na alikuwa mcheshi. Kati ya wote waliosimama getini pale, yeye peke yake hakuwahi kumpiga mtu. Ninalisema hilo mapema ili asije akafikiriwa vibaya. Kiembu hakukijua hata salamu, na sisi watoto tuliofika darasa la tatu ndio tuliomfasiria.

Sasa inabidi nieleze jambo la saba. Kwetu saba haitamkwi ovyo. Ni nambari ya mganga na ya laana. Mama akihesabu vifaranga alisema, "Tano, sita, na mwenzake, nane." Watu wakijikuta saba njiani, mmoja alijifanya anafunga mzigo mpaka wenzake wametangulia. Mwanamke mwenye mimba ndiye aliyejihadhari zaidi, kwa sababu mugiro, yaani mwiko, ukivunjwa humwangukia aliye mdogo kuliko wote nyumbani, na hakuna mdogo kuliko aliye tumboni. Shuleni tulihesabu kwa Kiswahili, na saba ya Kiswahili ilipita mdomoni bila kuuma. Saba ya Kiembu, mugwanja, hiyo ndiyo iliyokuwa na meno.

Basi wanawake wakapata njia yao. Karani alipofika kijiko cha saba, waliusogeza mkebe kidogo, kwa adabu tu, na unga ukaanguka chini. Wengine walikinga sita wakasema asante wakaondoka. Chini ya pipa pakawa peupe. Mbwa wa homgadi akanenepa.

Karani alivumilia Alhamisi tatu hivi. Ya nne aliniita. "Binti, hebu njoo. Hawa mama zako wana nini? Maziwa yametoka ng'ambo, yamepanda meli, yamepanda treni, kisha wanayamwaga. Nimewakosea?"

Nikamwambia hajawakosea. Saba ni mbaya.

"Mbaya vipi?"

Hapo ningesema sijui, na ingekuwa kweli. Sikujua. Hakuna aliyewahi kunieleza, kwa maana mambo kama hayo mtoto huyaona akayafuata. Lakini nilipenda kuonekana ninajua. Na kulikuwa na jambo nililolisikia kwenye baraza za msako, homgadi walipokuwa wakiwafokea watu waliopangwa juani: nani amekula kiapo, nani amezunguka mara saba? Watoto wote wa kijiji walijua kwamba kiapo cha watu wa msituni kilihesabiwa kwa saba. Nikaunganisha mambo mawili ambayo hayakuwa na undugu, au undugu wake ulikuwa kinyume. Woga wa saba ulikuwepo kabla ya msitu na kabla ya Mzungu. Kiapo ndicho kilichoazima uzito wake kutoka kwenye woga huo.

"Ni ya kiapo," nikamwambia karani. "Ndiyo maana wanaogopa."

Karani alicheka, akatikisa kichwa, akachota unga akanijazia kiganja. Nilienda nyuma ya kibanda chetu nikaulamba wote. Sikumbakishia mdogo wangu hata kidogo.

Jioni ile nilimwona karani amekaa na mkubwa wa homgadi wakila nyama choma aliyotumiwa na baba yake, na alikuwa akisimulia kitu huku akihesabu kwa vidole. Mkubwa wa homgadi alikuwa mtu wa ukoo wa jirani, rika moja na baba yangu. Walitahiriwa msimu mmoja. Kwa desturi yetu mtu wa rika la baba ni baba, na ndivyo nilivyomwita tangu nilipoanza kuongea. Alikuwa akija nyumbani kwetu kunywa uji. Naye alilelewa na mama aliyesema sita na mwenzake, kama sisi wote. Mkewe alikuwa mjamzito wakati huo, akikaa kwenye kigoda chini ya paa la mnara, na mkebe wake ulijazwa kila Alhamisi bila kuhesabiwa. Kwa hiyo alijua. Hakuna wa kuniambia kwamba hakujua. Karani alisimulia kichekesho, na yeye akaokota ndani yake kile alichokuwa akikitafuta.

Alhamisi iliyofuata alisimama ubavuni mwa pipa, kiboko mkononi.

Aliwaacha wanawake wanne wapite kwanza, akitazama mikebe tu. Wa tano alikuwa jirani yetu, mwenye mimba ya miezi saba au minane. Akasogeza mkebe. Unga ukaanguka.

"Weka chini hiyo mkebe," mkubwa akasema. "Kuja hapa. Unaogopa saba kwa nini? Ulizunguka wapi?"

Yule mama akajibu kwa Kiembu kwamba ni desturi, na kwamba yeye baba anaijua desturi. Kiboko kilimpata mdomoni. Akaketishwa juani, jino lake likiwa kiganjani. Karani alishika kijiko hewani akaniangalia mimi. Sijasahau alivyoniangalia. "Endelea kupima," mkubwa akamwambia, na karani akaendelea, vijiko sasa vikiwa nusu nusu.

Watano walitolewa foleni, wote wenye mimba. Wakati huo wanawake wa nyuma walikuwa wameshaelewa, na minong'ono ikapita mstarini: kingeni vyote, kingeni saba. Nilimwona mama yangu akifikiri. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, nikihisi mifupa yake. Mama akitolewa foleni hakuna maziwa ya mtoto. Akikinga saba, anamvunjia mwiko yule wa tumboni. Alifikiri kwa muda wa hatua tatu hivi, ndio muda aliokuwa nao.

Alikinga. Kijiko cha saba kiliingia chote, na mama hakuondoa macho kwenye mkebe.

Mkubwa wa homgadi alitabasamu. "Huyu haogopi," akasema. "Hawa wengine wanaogopa, lakini huyu ameizoea. Bibi ya yule tulishika. Amezunguka mpaka amezoea."

Nilikuwa mtoto, na bado nilielewa kwamba hakukuwa na jibu lililo sahihi. Ukimwaga umekula kiapo, ukikinga umekula kiapo. 

Walimpigisha mama magoti wakamwambia alikumbatie pipa la maziwa, tumbo lake limebanwa kwenye mbao. "Nitakupiga saba," mkubwa akasema, "na wewe utahesabu. Kiembu. Hii si shule ya Waswahili."

Mama akahesabu. Moja, mbili, tatu, sauti kavu kama anayepima mbegu. Kila fimbo ilitoa vumbi jeupe la maziwa kwenye pipa. Alifika sita. Kiboko kikaanguka tena, na mama akanyamaza.

"Hesabu."

Mama alizidi kulikumbatia pipa.

"Basi hiyo haijaingia. Tuanze tena."

Akaanza tena kutoka moja. Mama naye akaanza tena. Gauni lilikuwa limepasuka mgongoni na ngozi pia. Akafika sita, kiboko kikaanguka, akanyamaza. Wakaanza mara ya tatu. Kukikinga kile kijiko aliweza, kwa sababu kilikuwa cha mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Kulitamka neno lenyewe kwa kinywa chake, tumbo likiwa limeegemea pipa, hakuweza, na nadhani angekufa pale pale bila kulitamka. Mkubwa alilijua hilo na alikuwa na siku nzima.

Katika mzunguko wa nne, baada ya sita, nilisikia sauti yangu.

"Saba, baba."

Aligeuka. Sina hakika kama alikumbuka kwamba nipo. "Hiyo ni ya Waswahili," akasema kwa upole, sauti ileile aliyokuwa akinisalimia nayo zamani. "Sema yetu."

Mama alisema, "Usiseme," bila kugeuza kichwa.

Nikasema. Mugwanja. Nililisema kwa nguvu, ili lisikike mara moja na lisirudiwe.

Mkubwa akakunja kiboko. "Mtoto yako iko na akili kukushinda," akamwambia mama, akaenda kunywa maji. Lori likaja jioni kuwabeba wale watano. Wawili walirudi baada ya miezi, na mmoja wao hakuongea tena.

Mama alianza uchungu siku ya pili. Kibanda kizima kilinuka damu na majani ya dawa. Mtoto alikuwa wa kike, na alitoka amekufa, ana alama ya bluu kichwani pana kama kiganja. Wanawake wazee walimzika ukingoni mwa handaki kwa sababu hatukuruhusiwa kwenda mbali zaidi. Nililia hadi nikapoteza sauti. Mama alinivuta akanilaza kwenye paja lake, mgongo wake ukiwa mbichi na yeye mwenyewe haendi wala haketi sawasawa, akaniambia nisidhani ni neno langu. "Wewe ulikuwa unaniokoa," akasema. "Neno halina mkono. Aliyemuua ana mkono na anakula ugali wake pale mnarani."

Kisha akauliza, si mimi hasa, aliuliza tu: "Lakini nani alimwambia yule Mswahili?"

Nilifyata ulimi. Nilijiambia nitamwambia akipona. Alipopona nikajiambia nitamwambia tukirudi kwetu.

Alhamisi iliyofuata alienda kwenye foleni. Watu walimkataza, akawaambia mtoto mwingine bado ana miguu iliyovimba, na maziwa hayatakuja yenyewe. Alitembea ameinama, na mimi nyuma yake na mdogo wangu mgongoni. Tulipokaribia pipa, karani alitoka pembeni akaja kwangu kabla hajaja kwa mama. Hakunitazama usoni. "Pole, binti," akasema, akaniwekea unga kiganjani kwa vidole vyake, kisha akarudi mahali pake. Nilisimama nao. Unga ulianza kunata kwa jasho, na ninakiri kwamba mate yalinijaa mdomoni.

Karani alifungua daftari akamwambia mama kwamba jina lake amelikata kwenye orodha ya wenye mimba, ndivyo amri ilivyo, imebaki sehemu ya mtoto tu. Mimi nilifasiri. Mama akaitikia kwa kichwa. Karani akapima kimoja, viwili, vitatu. Alipomaliza cha sita alisita, kijiko kikiwa tupu, akamtazama mkubwa wa homgadi, akamtazama mama.

Mama alimnyang'anya kijiko.

Alichota cha saba mwenyewe, kikajaa mpaka kikafanya kilima. Hakukitia kwenye mkebe. Alitembea nacho polepole, hatua fupi za mtu aliyejifungua juzi, mimi nikimfuata nyuma, akaenda hadi alipokuwa amesimama mkubwa wa homgadi mbele ya kigoda cha mkewe. Homgadi mmoja aliinua bunduki. Mama akamimina unga wote juu ya viatu vya mkubwa. Kisha akainua macho, akampita yeye, akayaweka kwenye tumbo la mkewe, akasema neno lile kwa Kiembu, wazi, mara moja.

Nilidhani mkubwa atampasua mama kichwa. Kiboko kilikuwa mkononi mwake. Lakini yule mtu alirudi nyuma hatua nzima, akajikwaa kwenye kigoda, na uso wake ukawa uso wa mtoto aliyelelewa na mama aliyesema sita na mwenzake. Alianza kufuta viatu kwa mkono mtupu, halafu akaona mkono nao umekuwa mweupe, akaufuta kwenye koti, kwenye suruali, kila mahali. Mkewe alijifunika tumbo kwa khanga akalia. Hakuwa na kosa lolote. Zamani, kabla ya handaki, yeye ndiye aliyekuwa akitugawia chumvi.

Mtoto wake alizaliwa mzima, sijui kama hilo lilimkata mama maini, kwa sababu hakulizungumza. Ni mzee sasa kama mimi, ana duka la vyakula vya mifugo, na tukikutana ananiita dada. Mama yangu ameshafariki. Mpaka mwisho aliwahadithia wajukuu jinsi binti yake mkubwa alivyomwokoa getini kwa neno moja, na mimi nilikuwa nikiketi pale nikipokea sifa.

Ila siku ile, baada ya kusema neno, mama alisimama pale na kijiko kitupu, akazungusha macho polepole, kwa homgadi mmoja mmoja, kwa karani, kwa wanawake wa foleni, akimtafuta aliyemwambia yule Mswahili. Aliangalia pande zote isipokuwa nyuma yake. Nilikuwa nimesimama pale, hatua moja kutoka mgongoni mwake, na kiganja changu kilikuwa bado cheupe.